Kilowati Sita

Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam wakaazimia kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Kwa upande wake serikali yetu imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa, na kazi iliyobaki ni ya vitongoji, ambavyo kwa jumla ni zaidi ya 64,000. Mimi ni mwalimu mstaafu niliyefundisha miaka mingi kwa mwanga wa koroboi, kwa hiyo habari hizi nimezipokea kwa shukrani. Lakini kuna swali linalozunguka katika vijiji vya nyanda za juu kusini, nami nimeulizwa na watu niliowahi kuishi nao: nguzo za TANESCO, shirika la umeme la taifa, zimeshafika, sasa huu mtambo wetu mdogo wa maji tuufanye nini? Wapo wanaotaka turbini iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, pesa zigawanywe, hadithi iishe.

Mtambo wenyewe naujua. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mshika daftari wake.

Nilipangiwa kufundisha katika kijiji cha mtambo huo mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati Njombe ingali wilaya ndani ya mkoa wa Iringa. Kijiji kiko juu sana, na baridi ya Juni na Julai huunguza majani ya viazi kama yamepitiwa na moto. Mafuta ya taa yalinunuliwa kwa chupa ndogo, na mwenye nyumba aliyapima kwa jicho kila jioni. Watoto wa darasa la saba waliojisomea usiku walikuja shuleni asubuhi na masizi puani. Mashine ya kusaga iliyokuwa karibu ilitumia dizeli, na ilikuwa kijiji cha pili. Mwanamke aliyeondoka alfajiri na debe la mahindi kichwani alirudi mchana, na kama dizeli imekwisha alirudi na mahindi yake.

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na taa. Ilikuwa hospitali ya misheni, nayo ilikuwa na turbini yake mtoni. Mitambo ya namna hiyo si migeni katika nyanda hizi: Hospitali ya Ikonda kule Makete iliwashwa kwa maji, na masista wa Chipole, Songea, walizalisha umeme wao wenyewe muda mrefu kabla ya kujenga mtambo wa Tulila wa megawati 5 katika Mto Ruvuma. Sisi tuliziona taa za hospitali kila usiku tukazihesabu kuwa mali ya hospitali, pamoja na gari lake na dawa zake. Kijito kilichopita chini ya shule yetu kilikuwa na maji mengi tu, na maporomoko yake yalisikika darasani mvua zikikolea. Hakuna aliyewahi kukipima.

Aliyekuja kukipima alikuwa fundi aliyetumwa na shirika moja la kanisa, mtu mkimya mwenye kofia ya sufu. Alikuja Oktoba, maji yakiwa machache kuliko wakati wowote wa mwaka. Wazee wakamwambia, fundi, umekosea majira, njoo Machi uone mto. Akajibu kwamba taa itakayowaka Machi na kuzimika Oktoba haitamsaidia mtu. Akaziba kijito kwa mawe na udongo, akayaelekeza maji kwenye mfereji wa magome, na chini yake akaweka pipa la lita 200. Akanipa mimi saa ya mkononi nihesabu. Pipa lilijaa chini ya sekunde saba. Yaani lita 30 kila sekunde. Kisha akachukua mpira mrefu wa maji, ule mwembamba unaopitisha mwanga, akapima mteremko hatua kwa hatua kutoka pale juu hadi kwenye uwanda wa chini, kijana mmoja akishika ncha ya juu na yeye ya chini. Ukawa mita 40.

Hesabu yake ilikuwa fupi kiasi kwamba niliiandika ubaoni siku ya pili kwa ajili ya darasa la saba. Zidisha lita za sekunde moja kwa mita za mteremko, zidisha kwa kumi, gawanya kwa elfu: unapata kilowati 12. Kisha gawanya kwa mbili, kwa sababu msuguano ndani ya bomba, turbini yenyewe, mkanda na jenereta vyote vinachukua sehemu yao. Zinabaki kilowati sita. Nyumba zilizokuwa karibu vya kutosha kuvutiwa waya zilikuwa kama sitini. Wati mia moja kila nyumba, na hapo hujahesabu unaopotea njiani.

Nimekutana na wataalamu wengi tangu wakati huo wanaoanza na takwimu za taifa na kuteremka hadi wamfikie mwananchi. Yule fundi alianza na pipa. Kwa kufanya vile alikipa kijiji kitu ambacho gridi haiwezi kukupa, nacho ni kuuona mwisho wa umeme wako. Anayetumia umeme wa gridi hajui unakotoka wala unakoishia. Akiwa na pesa anaongeza, akikosa anazimiwa. Sisi tulijua tangu siku ya kwanza kwamba tuna kilowati sita, na kwamba jirani akichukua zaidi ni mimi nitakayepungukiwa. Mikutano yote iliyofuata, na ilikuwa mingi, ilitokana na ujuzi huo.

Mkutano wa kwanza mkali ulihusu pasi. Mwenye duka alisema yeye ana uwezo wa kulipa, kwa nini asipige nguo pasi ya umeme? Pasi moja inakula wati elfu moja, yaani fungu la nyumba kumi. Mzee mmoja, balozi wa nyumba kumi, akasimama akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, hizo nyumba kumi utaziambia nini?" Ikakubaliwa kila nyumba iwe na taa mbili na redio, na kila nyumba iwekewe kikatizi kidogo kinachozima chenyewe mtu akizidisha. Malipo yakawa kwa idadi ya taa, bila mita. Mita moja wakati ule ilikuwa ghali kuliko umeme ambao nyumba hiyo ingetumia mwaka mzima. Baadaye nilikuja kujua kwamba huko Kirinyaga, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wa Kathamba walifuata njia hiyohiyo: mtambo wa kilowati 1.1 tu ukawasha taa katika nyumba zipatazo 65. Jirani zao wa Thima walitumia pampu ya kawaida ya maji iliyogeuzwa kazi, maji yakaizungusha badala ya yenyewe kuyasukuma. Kwa kaya maskini ya mlimani kiasi hicho cha umeme kinatosha kuondoa koroboi, na anayekidharau huenda hajawahi kuvuta moshi wake.

Ujenzi ulifanywa kwa msaragambo. Wanaume walichimba mfereji kutoka kwenye banio hadi kwenye tangi la juu, na kubeba mabomba. Wanawake walibeba mchanga, mawe na maji ya kuchanganyia saruji, wengi wao na watoto mgongoni, kutoka chini kwenda juu. Nilikuwa naandika mahudhurio, kwa hiyo hili nalisema kwa ushahidi wa daftari: siku za kazi za wanawake zilizidi za wanaume. Kamati ilipochaguliwa, hakukuwa na mwanamke hata mmoja isipokuwa mimi, na mimi niliingizwa kwa sababu najua kuandika. Nililisema jambo hilo mkutanoni. Likapokelewa kwa heshima, kisha likaachwa. Lilirudi lenyewe miaka michache baadaye, na nitalieleza.

Usiku wa kwanza taa zilipowaka watu waliimba mpaka alfajiri. Sina haja ya kuusimulia; kila kijiji kilichopata umeme kina usiku wake kama huo. Ninachokikumbuka kwa karibu zaidi ni pipa lililokuwa nje ya nyumba ya mtambo. Mtambo mdogo wa maji hauna mtu wa kufungua na kupunguza maji kila taa inapozimwa. Turbini inazunguka kwa nguvu ileile usiku kucha. Kwa hiyo kunafungwa kisanduku kinachochukua umeme usiotumika na kuupeleka kwenye hita zilizozamishwa ndani ya maji. Saa nne usiku watu wakilala na kuzima taa, pipa linaanza kuchemka. Asubuhi wanawake waliokwenda shamba walipitia pale na ndoo zao, wakapata maji ya moto ya bure katika baridi ile ya Julai. Wageni walisifu. Mimi nilipokaa na daftari langu niliona jambo jingine: sehemu kubwa ya nguvu ya mto wetu tulikuwa tunaimalizia kwenye pipa, na mchana, taa zikiwa zimezimwa zote, karibu yote.

Na pesa hazikutosha. Hapa ndipo mitambo mingi midogo inapofia, na nasikitika kuona jinsi jambo hili linavyopitiwa haraka katika ripoti. Tulipanga kila nyumba ilipe kila mwezi, kwa sababu fundi na shirika walitoka mahali ambako watu hulipwa kila mwezi. Mkulima wa mahindi, viazi na maharage hana mwezi. Ana Julai na Agosti, anapouza, na ana Januari hadi Machi, miezi ya njaa, anapokopa hata chumvi. Kufikia Februari ya kwanza zaidi ya nusu ya nyumba zilikuwa zinadaiwa, na si kwa ukaidi. Kamati ikaanza kukata waya za wadaiwa. Waliokatwa wakaacha kuja kusafisha mfereji. Mfereji ukajaa mchanga, maji yakapungua, taa za waliolipa nazo zikafifia. Kisha beringi ya jenereta ikafa. Ilikuwa kitu cha kushika mkononi, cha kununuliwa Makambako kwa siku moja, lakini mfuko ulikuwa mtupu, na kijiji kikarudi gizani kwa miezi, turbini ikiwa nzima na mto ukitiririka kama kawaida.

Wakati wa giza lile wanawake ndio walioitisha mkutano. Walikuwa wamezoea maji ya moto, ni kweli, lakini hoja yao kuu ilikuwa unga. Walisema: turbini izungushe mashine ya kusaga mchana, na usiku izungushe jenereta. Fundi alipoitwa akasema inawezekana, na tena ni rahisi kuliko walivyofikiri, kwa sababu mashine inaweza kufungwa mkanda moja kwa moja kwenye shafti ya turbini bila kupitia umeme kabisa. Wakachanga wao kwanza, kupitia kikundi chao cha kuweka na kukopa, pesa za beringi na za mkanda. Sharti lao lilikuwa moja: pesa za mashine zishikwe na mwanamke, na nusu ya kamati iwe wanawake. Safari hii hakuna aliyeliacha.

Tangu hapo kila saa kumi na mbili jioni mwendeshaji alihamisha mkanda kutoka kwenye kinu kwenda kwenye jenereta, na asubuhi akaurudisha. Kusaga kulilipwa papo hapo, debe kwa debe, na aliyekosa shilingi aliacha kibaba cha unga. Malipo ya taa tukayahamisha kuwa mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, kwa pesa au kwa mahindi. Ndani ya misimu miwili mfuko ulikuwa na akiba ya beringi, mikanda na posho ya mwendeshaji. Simu za mkononi zilipoingia, watu wa vijiji vya jirani walikuja kuchaji kwetu, na hiyo nayo ikaingia kwenye daftari. Nimesoma mapendekezo mengi ya miradi tangu siku hizo, na bado kitu cha kwanza ninachokitafuta ndani yake ni kazi ya mchana. Nisipoiona, najua mradi huo una miaka mingapi.

Mgogoro mzito kuliko yote ulitoka juu. Kitongoji cha chanzoni kilikuwa mbali na nyumba ya mtambo, na umeme mdogo haufiki mbali; unapotea kwenye waya, na waya mnene ni ghali. Kwa hiyo wao hawakuwa na taa. Walikuwa na vinyungu vyao bondeni, walivyolima kiangazi kwa unyevu wa kijito, na baadhi yao walianza kupanda milingoti, yaani mikaratusi inayofyonza maji mengi, kandokando ya kijito kwa sababu bei ya nguzo na mbao ilikuwa inapanda. Ndani ya miaka michache kijito cha Oktoba kilipungua kwa macho. Kamati ya kwetu ikaenda na barua na vitisho. Tulipofika, mwenyeji wetu alitukaribisha, "Kamwene," akatuketisha, akatuletea viazi, kisha akasema maneno ambayo sikuwa na jibu lake: "Mwalimu, usiku tunaziona taa zenu kutoka hapa. Mnataka tuyalinde maji, lakini maji yakifika kwenu hayarudi."

Sheria ilikuwa upande wetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Tungeweza kwenda mahakamani na kushinda, na milingoti ingekatwa, na usiku mmoja mtu angeenda kwenye banio na nyundo. Kilichofanya kazi kilikuwa kikao kilichochukua siku nzima chini ya mti. Waliamua wenyewe kung'oa milingoti iliyo karibu na maji na kubakiza vinyungu mwishoni mwa bonde tu. Sisi tukaamua kwamba wao watasagiwa bure fungu fulani la mahindi kila mwezi, na mfuko utawanunulia betri za gari, zichajiwe kwenye mtambo na kubebwa kwenda kwao kwa zamu. Umeme ukapanda mlima mgongoni mwa vijana. Lilikuwa suluhisho la tabu, lakini liliheshimiwa, na kijito kiliongezeka tena.

Jambo hilo lina ukubwa unaozidi kijiji kimoja. Vijito vingi vya Njombe vinaingia Mto Ruhudji, Ruhudji unaingia Kilombero, na Kilombero unakwenda kuwa Rufiji. Maji yaliyozungusha kilowati zetu sita yanaendelea na safari mpaka Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115. Mkulima anayeacha kupanda milingoti kando ya kijito anaichangia gridi ya taifa, na hakuna anayemlipa hata debe moja la unga. Sisi, kwa umaskini wetu, tulimlipa.

Sasa gridi imefika, nami siwezi kumwambia mtu aikatae. Ada ya kuunganishiwa vijijini ni shilingi 27,000, na anayetaka jokofu, kuchomelea vyuma au kufungua saluni hawezi kutegemea wati mia moja. Watoto wa kijiji kile wanastahili umeme uleule anaoupata mtoto wa Mikocheni. Lakini kufika kijijini si kufika kila mlangoni; nguzo zimefuata barabara, na vitongoji vya bondeni na vya chanzoni bado vinasubiri. Mtambo ulioachwa na nyumba zilizoingia kwenye gridi unabaki na nguvu ya kuvihudumia hivyo, kwa waya au kwa betri. Na kinu hakina sababu yoyote ya kuachana na maji: kila debe linalosagwa kwa mkanda wa turbini ni debe ambalo mama hanunulii umeme wa mita ya LUKU.

Kinachoniuma ni kwamba utaratibu wetu wa nchi unaijua mitambo ya ukubwa fulani tu. Mpango wa wazalishaji wadogo wa umeme ulioanza mwishoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa mpango mzuri, na umezaa matunda: Mwenga kule Mufindi, megawati 4, tangu 2012 umewasha kiwanda cha chai na vijiji vinavyokizunguka, na mitambo ya Andoya kule Mbinga na Tulila imefuata. Wazalishaji wote hao wanaweza kuiuzia TANESCO umeme kwa mkataba wa mfano uliokwisha kuandikwa. Lakini mkataba huo unaanzia kilowati 100 na kuishia megawati 10. Chini ya hapo, gridi inapofika, mkataba huo haufungui mlango. Kikundi cha wakulima chenye kilowati sita, kumi au ishirini kinaachiwa kuamua peke yake, na mnunuzi wa chuma chakavu ndiye mtu pekee anayefika na ofa mkononi.

Ningependa Wakala wa Nishati Vijijini, kabla mkandarasi hajaingia katika kitongoji chochote cha mlimani, uulize kama kuna mtambo wa maji na ni nani anayeuendesha. Kama upo, jina la kikundi liandikwe, mtambo upimwe, na kikundi kipewe mambo matatu kwa maandishi: haki ya kuendelea na kinu chake, haki ya kuwahudumia wasiofikiwa na nguzo mpaka watakapofikiwa, na kibali cha maji kisichopotea kwa sababu tu gridi imekuja. Na pale ambapo laini inapita karibu na nyumba ya mtambo, usiku wa manane kijiji kikiwa kimelala, TANESCO inunue kile kinachochemsha pipa. Ni kiasi kidogo kwao. Kwa mfuko wa kikundi ni beringi ya mwaka na posho ya mtu anayeamka kusafisha mfereji, na ni kitu ambacho kamati inaweza kugawana na watu wa chanzoni.